Projekta, karatasi, au kitu chenyewe? Kuchagua namna ya kujieleza kwa mteja Arusha na Moshi

Chumba kilikuwa na madirisha upande mzima, na madirisha yalitazama mashariki. Saa tatu asubuhi, mwezi wa tano, na mawingu yaliyokuwa yamekaa wiki nzima yakachagua siku hiyo kufunguka. Nilikuwa na projekta ya kuazima na slaidi 34. Ile grafu niliyoikeshea, mistari ya njano juu ya kijivu, ukutani haikuonekana kabisa. Ulikuwepo ukuta mweupe tu na watu watano wakiukodolea macho kwa adabu. Meneja wa loji, mama mmoja mtaratibu, alinivumilia mpaka slaidi ya kumi hivi, halafu akasukuma daftari lake mbele yangu na kalamu juu yake.

"Kaka, hebu niandikie hapa. Bosi ataniuliza mambo matatu tu: inapunguza uniti ngapi, bei gani, na ikiharibika anakuja nani."

Nikaandika mistari sita. Kazi ile niliipata, na iliyoniletea ni ile mistari.

Nauza na kufunga hita za maji za sola. Wateja wangu ni loji na hoteli ndogo upande wa Arusha, na shule, nyumba za masista na vituo vya afya upande wa Moshi. Njia karibu zote za kujieleza nimezijaribu, nyingine kwa hasara. Hapa chini nazilinganisha, kwa ajili ya yeyote anayeuza kitu kinachohitaji maelezo: sola, bima, programu ya uhasibu, sare, huduma ya ulinzi. Kipimo changu si kile cha semina za mauzo, namna ya kusimama na namna ya kumtazama mtu machoni. Mimi naangalia jambo moja: yule anayekusikiliza mara nyingi siye anayelipa. Mwenye loji yuko Dar, Nairobi au Ujerumani. Shule ina bodi. Chama cha ushirika kina mkutano. Hata nyumbani, baba yuko Mererani machimboni na mama ndiye anayekupokea. Wataongea usiku kwa simu, wewe ukiwa umelala. Mtu huyo atakuuzia kazi yako mbele ya mwenye pesa, na wewe hutakuwepo. Basi kila njia naiuliza: nikishatoka getini, anabaki na nini mkononi?

Projekta na slaidi

Nianze kwa kuitetea, maana baada ya hadithi ile utadhani naichukia. Kwenye kumbi za AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa Arusha, au hoteli kubwa za mjini zenye pazia zito na fundi wa ukumbi, watu ishirini wakiwa wamekaa mbele yako, hakuna njia nyingine ya maana. Kamati ya tenda ya taasisi ikikuita ujieleze, ukitokea na karatasi mbili utaonekana hukujiandaa. Na kuna vitu vinavyotaka ukubwa: ramani ya paa, njia ya mabomba, picha ya kabla na baada. Hivyo havisomeki kwenye A4.

PowerPoint ilitoka mwaka 1987 kwa kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought, na mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Toleo la kwanza lilikuwa la kutengenezea karatasi angavu, zile zilizowekwa juu ya mashine ya taa na kutupwa ukutani. Nia ilikuwa msemaji awe na picha nyuma yake. Sisi tumeigeuza kitabu cha kiada: maneno yote tunayaweka ukutani, kisha tunampa mgongo mteja na kumsomea. Mtu mzima anayejua kusoma akisomewa, anashika simu.

Wengi wanaijua kanuni ya Guy Kawasaki, mwekezaji wa Marekani: slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua ukubwa wa pointi 30. Ni nzuri, hasa hiyo ya herufi, maana inakulazimisha kupunguza maneno. Lakini kumbuka yeye alikuwa akiwasema wajasiriamali wanaomwomba mwekezaji mtaji. Mteja wa Usa River hanunui ndoto yako ya miaka mitano; anataka mgeni wa chumba namba saba aache kulalamika. Kwake hata slaidi tano ni nyingi. Na dakika ishirini zako zitaliwa na chai, kwa sababu chai italetwa katikati, na usipoinywa umekosea.

Ukiamua kuitumia, shika mambo ya kimwili kwanza. Projekta haiwezi kutupa weusi. Inatupa mwanga tu, na sehemu "nyeusi" ya slaidi ni ukuta wenyewe jinsi ulivyo ndani ya chumba kile. Ndiyo maana mandhari ya rangi nzito yanayopendeza kwenye kompyuta yanageuka uji chumba kikiwa na jua. Kwenye chumba chenye mwanga weka maandishi meusi juu ya nyeupe, basi. Pili, umeme ukikatika kompyuta yako ina betri, projekta nyingi hazina. Na zile za balbu zikizimika ghafla zikiwa moto hazikubali kuwaka tena mpaka zipoe, hata kama jenereta imeshaanza kunguruma. Tatu, waya. Kompyuta za sasa zina tundu dogo la USB-C. Projekta ya shule iliyofungwa darini zamani inataka VGA. Kile kiunganishi kidogo cha kati ndicho utakachokisahau nyumbani. Hifadhi slaidi kwa PDF pia kwenye fleshi, usije ukakuta herufi zako zimehama kwenye kompyuta ya mwenyeji. Na mteja akianza kukueleza shida yake, bonyeza herufi B: skrini inakuwa nyeusi, na macho yote yanarudi kwake.

Kinachobaki mkononi? Hakuna. Watasema "tutumie zile slaidi", utazituma, na slaidi zilizotengenezwa vizuri hazieleweki bila msemaji. Zikieleweka bila wewe, basi wakati wa kuzungumza zilikuwa na maneno mengi mno. Huu mtego hauna ufumbuzi ndani ya slaidi zenyewe.

Karatasi mezani

Hapa ndipo nilipohamia. Ukurasa mmoja wa A4, mbele na nyuma, nakala moja kwa kila aliyekaa na moja ya ziada kwa atakayeingia amechelewa. Kabrasha la kurasa kumi na mbili lenye historia ya kampuni silihesabu humu. Hilo linawekwa juu ya kabati, na juu yake kinakuja kukaa kikombe.

Siri ya karatasi ni kuacha nafasi tupu. Siweki hesabu iliyokwisha. Naweka mistari yenye vistari, na mteja ajaze mwenyewe kwa kalamu yake. Kwa mfano kwa hita ya maji hesabu yake ni fupi: lita unazopasha kwa siku, zidisha kwa nyuzi unazoongeza, gawanya kwa 860, jibu ni uniti za umeme. Namuuliza meneja, "Mna vyumba vingapi?" Ishirini. "Mgeni anamaliza maji ya moto kiasi gani?" Hapo wanabishana, na waache wabishane, maana ni hesabu yao. Wakikubaliana lita 60 kwa chumba, ni lita 1,200. Maji yakiingia na nyuzi 18 na wao wakayataka kwenye 58, wanaongeza nyuzi 40. Meneja anatoa simu yake, anapiga: 1,200 mara 40 ni 48,000, kugawa kwa 860 ni karibu 56. Uniti 56 kwa siku, vyumba vikijaa. Kwa mwezi, kama 1,670. Mhasibu, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya pembeni, anavuta risiti ya LUKU, anatazama bei ya uniti, anazidisha. Mimi nanyamaza. Namba itakayotoka imeandikwa kwa mwandiko wao, kwa bei ya kwenye risiti yao. Ile namba nikiitaja mimi, mhasibu ataipunguza nusu moyoni. Akiitaja yeye, ataitetea mbele ya bosi.

Naongeza mstari mmoja wa ukweli: sola haitabeba uniti zote hizo, kwa sababu kuna siku za mawingu na tangi lina hita ya umeme ya akiba. Mstari huu unanipotezea wateja wachache. Unanipunguzia simu za hasira za mwezi wa saba.

Upande wa nyuma ni bei. Iandike kwa shilingi. Watu wa utalii wamezoea kufikiri kwa dola, lakini tangu kanuni za 2025 bei za ndani hazipangwi kwa fedha za kigeni. Andika waziwazi kama ile asilimia 18 ya VAT imo au haimo. Swali la "ina VAT au haina?" likija ukiwa umeshataja bei tamu bila VAT, utaonekana ulitaka kuwapiga. Tarehe ya mwisho ya bei iwepo, na jina la fundi atakayekuja ikiharibika, pamoja na namba yake ya simu. Jina la mtu liwe pale, maana maneno "kitengo cha huduma kwa wateja" hayampi meneja wa Karatu hata lepe la usingizi.

Wanaodhani karatasi ni ya watu wasio na vifaa wajue kwamba Jeff Bezos aliziondoa slaidi kwenye mikutano ya wakubwa wa Amazon mwaka 2004. Badala yake mtu anaandika maelezo yasiyozidi kurasa sita, na mkutano unaanza kwa watu kuyasoma kimyakimya. Nimeuiga ule ukimya kwa dakika mbili tu: nagawa karatasi, nasema "naomba tupitie kwanza", nanywa chai. Mara ya kwanza ukimya ule unatisha. Lakini maswali yanayokuja baada yake ni ya mtu aliyeelewa.

Udhaifu wake upo. Karatasi haiamshi mtu. Mkiwa zaidi ya wanane kila mmoja yuko mstari wake na wewe hujui nani kafika wapi. Na picha ya rangi iliyochapwa kwa mashine iliyoishiwa wino ni aibu kuliko kutokuwa na picha.

Kitu chenyewe

Moshi imelijua hili kabla yetu wote. Wanunuzi wa kahawa huchukua sampuli za kila fungu, huzikaanga, huzisaga, hupanga vikombe mezani, kisha huvuta kijiko kwa mlio na kutema. Hakuna aliyewahi kuuza kahawa ya Kibosho kwa maelezo. Ulimi ndio unaoamua, kisha karatasi inafuata.

Mimi natembea na mrija mmoja wa kioo wenye fimbo ya shaba ndani. Nikifika naulaza uani juani kabla hata ya kusalimia ofisini, tunaingia, tunaongea dakika kumi au robo saa. Tukitoka namwambia mteja aguse kioo kwa nje: baridi kama chupa ya soda iliyosahaulika kivulini. Kisha namwonyesha ile ncha ya shaba, nadondoshea maji kidogo kutoka kwenye chupa. *Pschii.* Yanaruka. Hapo mlinzi wa geti amesogea, mpishi amesogea, na kila mmoja ana swali. Kati ya kioo na kioo hakuna hewa, namweleza, kwa hiyo joto likiingia halipati njia ya kutoka. Ni kama chupa ya chai. Sihitaji kueleza zaidi ya hapo, kwa sababu chupa ya chai kila mtu anayo.

Sasa upande wa pili. Juni na Julai asubuhi Arusha, Meru imejifunika, jua hakuna mpaka adhuhuri. Nilishafanya onyesho hili siku kama hiyo Sakina, mbele ya mzee mmoja mstaafu aliyevaa koti la sufi. Baada ya dakika ishirini ncha ilikuwa vuguvugu kama maziwa ya mtoto. Mzee akaigusa, akanitazama, akasema, "Mwanangu, mwezi huu ndio ninaohitaji maji ya moto." Sikuwa na jibu, na sijui kama jibu lingefaa. Onyesho ambalo linaweza kukukana hadharani lina bei yake. Siku hizi nikiona mawingu mrija unabaki kwenye gari.

Badala yake nampeleka mteja kwa mteja. Hii ndiyo njia yenye nguvu kuliko zote nilizotaja, na ndiyo ghali kuliko zote: mafuta, nusu siku, na fadhila unayomwomba mwenyeji. Usikae karibu wakiongea. Nenda kakague bomba. Ukisimama pale mwenyeji atakusifu, na mgeni atajua anasifu kwa sababu umesimama pale. Mwache aseme hata kwamba mwaka juzi ulichelewa siku nne kuleta kifaa. Wauzaji wenzangu hawanielewi hapa, lakini nimeona mara nyingi: mteja aliyesikia kasoro moja ndogo kwa mwenzake huacha kutafuta ile kubwa.

Kinachobaki mkononi: hadithi. Na hadithi inasafiri vizuri mpaka kwa bosi, ila namba hupotea njiani. Kwa hiyo kitu chenyewe bila karatasi ni nusu ya kazi.

Kishikwambi au kompyuta, mmekaa ubavu kwa ubavu

Kwa mtu mmoja au wawili, inatosha na ni nzuri. Picha zinaonekana, unarudi nyuma na mbele kwa matakwa yake, na kukaa upande mmoja wa meza kunaondoa hali ya mtihani. Zima data kabla hujaanza. Mimi nilikuwa naeleza jinsi gharama zinavyorudi ndani ya muda mfupi ndipo ujumbe ukashuka juu ya skrini kutoka nyumbani: "Gesi imeisha na hela hujaacha." Tulicheka wote. Kazi sikuipata, ingawa sidhani ni kwa sababu ya gesi.

Zoom na WhatsApp

Ukisikia "mwenye mali yuko nje, mtaongea naye", usikimbilie kufurahi. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40, na kumi za mwanzo ni "mnanisikia?". Omba dakika 25. Kaa mahali penye umeme wa akiba na mtandao wa waya kama upo, na simu yenye bando kando ya hapo.

Saa ndiyo inayowaumiza wengi. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi chao na saa mbili wakati wa baridi. Uingereza ni mbili, kisha tatu. Halafu kuna yetu sisi. Meneja mmoja aliniandikia "kikao kesho saa 8". Nikaelewa saa nane, baada ya chakula. Yeye alikuwa amenakili kutoka barua pepe ya bosi: saa mbili asubuhi. Simu ilinikuta nikiwa na mswaki mdomoni. Sasa naandika hivi, kila mara: "saa nane mchana (14:00), saa za Tanzania".

Skrini ya Zoom ni ndogo kuliko ukuta, na mwenzako huenda yuko kwenye simu. Slaidi tatu. Picha ya paa lake, si la mtu mwingine. Piga mwenyewe ulipokwenda kupima. Kuona paa lake mwenyewe humfanya aache barua pepe zake kwa muda.

WhatsApp siihesabu kama njia ya kujieleza. Ni njia ya kubebesha. Ile karatasi yako itume kama PDF, si kama picha, kwa sababu picha hubanwa na namba hazisomeki. Ipe jina linaloeleweka hata likisafiri peke yake, lenye jina la mteja na neno "hita" na mwezi, maana "Document1 final mpya" litazama kwenye simu ya bosi kati ya mialiko ya harusi. Ongeza sauti ya dakika moja, si nne. Meneja ataisukuma mbele bila kuandika neno, na sauti yako itafika pale ambapo wewe hukualikwa.

Kiswahili au Kiingereza?

Hili linawasumbua vijana wengi zaidi kuliko waya na balbu. Wanaingia kwa meneja wa Kimeru, mhasibu wa Kichaga, fundi kutoka Singida, wote watatu wakiwa watu wa hapahapa nchini, halafu wanaanza kwa Kiingereza kwa sababu slaidi ziko hivyo. Mazungumzo yanakauka. Fundi, ambaye ndiye ajuaye bomba linavuja wapi, haulizi kitu.

Zungumza Kiswahili. Karatasi iwe upande mmoja Kiswahili, na kama mwenye mali ni wa nje, upande wa bei uwe na Kiingereza chini yake. Kwa bodi za Moshi weka Kiswahili pande zote mbili, kwa sababu muhtasari wa kikao utaandikwa kwa Kiswahili, na katibu akiwa na sentensi yako tayari ataichukua ilivyo. Nimewahi kusoma muhtasari wa bodi nikakuta maneno yangu, neno kwa neno, yakiwa "maoni ya wajumbe". Nilifurahi kuliko siku ya malipo.

Na salamu ni sehemu ya kazi. Kwenye shule ya masista huanzi na "habari za asubuhi". Ni "Tumsifu Yesu Kristo", unaitikiwa "Milele amina", kisha unakaribishwa kukaa. Kwa mwenyekiti wa ushirika kule Machame unatoa shikamoo hata kama suti yako ni ya bei kuliko yake, na unasubiri aulize umetoka wapi na kwenu ni wapi. Anayeingia na kufungua kompyuta papo hapo amejieleza tayari, ila si alivyotaka.

Kwa kuziweka bega kwa bega

| Njia | Itumie kwa | Inakuangusha | Kinachobaki kwa mteja |
|---|---|---|---|
| Projekta | Watu zaidi ya wanane, chumba kinachofungika giza, kamati za tenda | Jua, umeme, waya | Karibu hakuna |
| Karatasi moja | Watu wawili hadi wanane, mwamuzi akiwa hayupo | Haina msisimko | Hesabu kwa mwandiko wake |
| Kitu chenyewe | Anayetilia shaka, mafundi | Mawingu, gharama ya safari | Hadithi |
| Kishikwambi | Mtu mmoja, nyumbani | Ujumbe wa gesi | Kidogo |
| Zoom | Mwenye mali aliye mbali | Saa, mtandao | Faili, kama ulituma kabla |

Jedwali linapendeza, lakini siku ya siku mambo huchanganyika. Loji ya Karatu au Usa River: naenda Aprili au Mei, wakati wa masika, nyingi zikiwa zimefunga au zina wageni wachache na mafundi wanapaka rangi. Meneja ana muda. Nabeba mrija na karatasi, projekta naiacha. Julai usimpelekee mtu wa loji kitu chochote zaidi ya salamu. Ana magari sita getini.

Shule ya bweni Moshi ni tofauti. Mkuu wa shule atakusikiliza peke yake kwanza, kwa hiyo kishikwambi na karatasi vinatosha. Akikuita mbele ya bodi, hapo ndipo projekta ya shule inapotakiwa, na slaidi zisizidi sita, huku kila mjumbe ameshika karatasi ileile aliyoiona mkuu. Usibadilishe namba kati ya kikao cha kwanza na cha pili, hata kwa wema. Nilishapunguza bei kwa asilimia tano nikidhani ni zawadi, na mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, akauliza: ile ya kwanza ilikuwa ya nani?

Ofisi kubwa za mjini Arusha, zile zenye kitambulisho cha mgeni getini: uliza kabla. Piga simu kwa katibu muhtasi, mwulize chumba ni kipi, dirisha liko upande gani, mtakuwa wangapi, skrini ipo au ukuta. Hawachoki kujibu, wengi hawajawahi kuulizwa. Dada mmoja wa mapokezi alinipigia picha ya chumba na ya tundu la waya, akaongeza bila kuulizwa kwamba mkurugenzi hutoka saa tano na nusu kamili hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Slaidi yangu ya bei ilikuwa ya mwisho. Niliihamishia ya pili.

Na kwa anayeanza, mwenye fedha ya kitu kimoja tu na anayeniuliza anunue projekta ipi: bado. Chapisha karatasi thelathini stationari, nunua kalamu tano zinazoandika vizuri, na uziache kwa wateja.